Milimita, noti na asilimia: namna ya kusoma utabiri wa hewa kama uko Amu (Lamu) au Malindi

Masika yakikaribia maneno ya barazani huwa ni yale yale, ati hawa jamaa wa hewa wako Nairobi kwenye baridi yao huko watajuaje mvua ya Amu, na lazima atokee mzee mmoja aseme mvua ni siri ya Mwenyezi Mungu na habari imekwisha. Sawa, aya ya mwisho ya Suratul Luqman tunaijua wote na hakuna anaebisha. Lakini mzee huyo huyo akitoka msikitini baada ya alasiri anaangalia mawingu ya kusini, anamwambia kijana wake kesho usitoke nje ya mwamba, na kijana anamsikiza. Mtu wa hewa nae anafanya kazi hio hio ya kusoma dalili, hadai kuiteremsha mvua, ila yeye anakuandikia kwa namba. Na hapo kwenye namba ndo tunapopotezana, manake ugomvi mwingi ninaousikia si wa utabiri kuwa mbovu, ni mtu amesoma asilimia kama ahadi, au noti za kupimia upepo kama kilomita, au inchi kama milimita, alafu anasema wametudanganya.

Basi tuzipitie moja moja.

Anza na simu yako kabla hujamtukana mtu

Fungua ile programu ya hewa uingie kwenye mipangilio, uangalie vipimo. Simu nyingi hasa zile alizoleta jamaa kutoka Marekani zinakuja na Fahrenheit, maili kwa saa na inchi. Ukiona Lamu ni 86 usishtuke, hio ni 30 ya Selsiasi. Hatari kubwa iko kwenye mvua, manake inchi moja ni milimita 25.4, sasa mtu anaona 0.4 anasema aah hii ni manyunyu, kumbe ni milimita 10 na nguo zake zote ziko kamba ya nje. Weka Selsiasi, milimita, na upepo weka noti kama wewe ni mtu wa bahari.

Saa nayo ni mtego wa huku kwetu hasa. Ramani nyingi za upepo za intaneti zinaandika saa za UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, utaona 06 na herufi Z. Kuna mtu atasoma saa sita mchana, mwengine atasoma saa kumi na mbili asubuhi, na wote wawili wamekosa, jibu ni saa tatu asubuhi kwa sababu Kenya tuko mbele kwa masaa matatu. Ongeza tatu kwanza, alafu ndo ugeuze kwa saa zetu. Mtu wa mashua akikosea hapo ni masaa matatu mazima ya upepo ambayo hakuyatarajia.

Alafu ujue pia hio programu haijui kichochoro chako. Kompyuta zinazopiga hesabu za hewa zimeigawa dunia kwa visanduku, kimoja huwa na upana wa kilomita 9, chengine mpaka 25, kwa hivyo Shela na Matondoni zinaweza kupewa namba ile ile moja, na mvua ya huku inavyojua kunyesha Langoni ikaacha Mkomani kukavu, sasa hapo utamlaumu nani.

Milimita, hii ndo ya kuelewa kabisa

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Ukikamata hio umemaliza nusu ya kazi. Haijalishi ni sakafu, paa, shamba au jabia, lile birika la kukusanyia maji ya mvua.

Chukua nyumba ya bati, tuseme imekaa juu ya ardhi mita 8 kwa 6, pamoja na ile michirizi inayotokeza nje ya ukuta. Hio ni mita 48 za mraba. Usipime bati lenyewe lilivyoinama, pima kivuli chake chini, manake mvua inahesabu kivuli. Utabiri ukisema milimita 15, zidisha, 48 mara 15 ni lita 720. Toa moja ya tano kwa yale yanayomwagika kwenye mifereji na yale ya kwanza ya kuoshea vumbi na mavi ya ndege, unabaki na kama lita 576, mitungi 28 ya lita ishirini. Sasa ukisikia redioni milimita 15 husikii namba ya wazungu tena, unasikia mitungi 28, na unajua kama tangi lako lina nafasi au la. Paa la makuti usilipigie hesabu hii, linakunywa mengi na yanayotoka yana rangi ya chai.

Kwa watu wa Ndau, Kiwayu, na vijiji vya Pate hii hesabu ndo uhai wenyewe kwa sababu jabia inajaa kwa mvua au haijai. Pima ile sakafu yake ya kukusanyia maji kwa hatua au kwa kamba, andika ukubwa wake ukutani kwa rangi, kila utabiri ukija mtu yeyote anaweza kuzidisha. Jabia yenye sakafu ya mita 200 za mraba kwa mvua ya milimita 15 ni lita 3,000 kabla ya kutoa yanayopotea. Na isafisheni kabla, sio mvua imeanza ndo watu wanakimbilia mifagio.

Wa shamba, Hindi, Mpeketoni au huko Ganda na Langobaya, ekari moja ni kama mita 4,000 za mraba na ushee, kwa hivyo milimita moja ni karibu lita 4,000 kwa ekari. Milimita 10 ni lori nne za maji za lita 10,000 zimemwagwa shambani kwako bure. Inaonekana mengi, lakini mahindi yaliyokua kwenye jua hili yanakunywa pamoja na ardhi inayokauka kama milimita 5 kwa siku. Ina maana mvua ya milimita 20, ile Idara ya Hali ya Hewa huwa inaanza kuitolea tahadhari ya mvua kubwa ikianguka ndani ya masaa 24, shamba linaimaliza siku nne hivi, na kama ilianguka yote kwa nusu saa sehemu kubwa ilikimbilia mtaroni. Ndo maana mtu anasema mvua ilinyesha kubwa na bado mahindi yamekufa, na wote wawili, yeye na mtu wa hewa, wanasema kweli.

Ukitaka kujua kama wanakudanganya, pima mwenyewe. Haitaki pesa. Tafuta kopo ambalo kuta zake zimesimama wima kutoka chini mpaka juu, yale makopo ya maziwa ya unga yanafaa sana, chupa iliyobana shingoni haifai kwa sababu mdomo na tumbo havilingani na namba itakuwa ya uongo. Lifunge kwenye kigingi mahali pa wazi, mbali na mti na ukuta, kama kuna mnazi karibu uhame hapo, kwanza kwa ajili ya kipimo na pili kwa ajili ya kichwa chako. Kila siku saa tatu asubuhi tumbukiza rula mpaka chini, soma milimita, mwaga, andika. Kuwa makini, rula nyingi za shule haianzi sifuri kwenye ncha kabisa, kuna kijisehemu kitupu mwanzo, basi kikate au ukiongeze kwenye hesabu. Kwa nini saa tatu asubuhi? Kwa sababu vituo vya hewa Kenya hii navyo vinasoma mvua yao saa hio, siku ya mvua inaanza saa tatu hadi saa tatu ya kesho yake. Mvua ya alfajiri ya Jumanne inahesabiwa pamoja na mchana wa Jumatatu, na hapo ugomvi mwingi wa "walisema Jumatatu na imenyesha Jumanne" unaisha wenyewe.

Kopo halina haja ya kuwa na upana fulani, mdomo mkubwa unakinga mengi lakini tumbo nalo ni kubwa kiasi hicho hicho, kina kinabaki kile kile. Watu huwa hawaamini mpaka waweke mawili.

Jambo la watu wa Malindi peke yao, mvua ya kwenu na maji ya mto Sabaki ni habari mbili tofauti. Sabaki inaanza ukambani na Nairobi kama Athi, inakuja kama Galana, ikifika kwenu imebeba mvua ambayo hamkuiona. Kwa hivyo kama una shamba kandokando ya mto, usisome utabiri wa Kilifi tu, soma na wa Nairobi na Machakos. Jua kali Malindi na mto unapanda, inatokea, na si miujiza.

Asilimia si ahadi

Asilimia 40 ya mvua kesho maana yake ni hivi, ukichukua siku kumi zenye dalili kama za kesho, siku nne mvua itanyesha mahali pako na sita haitanyesha. Basi. Haisemi mvua itakuwa nusu nguvu, haisemi itanyesha chini kidogo ya nusu ya siku. Kwa hivyo siku moja haiwezi kumtia mtu wa hewa hatiani. Ikiwa anasema 40 na wewe kwenye daftari lako unaona siku zote za 40 hazijawahi kunyesha hata moja msimu mzima, hapo una kesi, mshike shati.

Na uamuzi uwe wa hasara yako, sio wa namba peke yake. Nguo za kawaida, asilimia 40, anika, zikirowa zitakauka. Samaki umepasua umetia chumvi kwa ajili ya ng'onda, 40 ni nyingi, weka turubai karibu na mtu wa kuangalia. Unamwaga zege ya sakafu ya juu, mimi hata 30 ningeahirisha. Harusi, jamani, harusi tafuteni turubai hata kwa 20, manake hakuna aibu kama pilau ya watu mia tatu ikitiwa maji ya mvua huku mama wa bwana harusi anaangalia. Ndo vile namba moja inatoa majibu manne na yote ni sawa.

Tahadhari za Idara nazo huja na maneno ya uwezekano wa wastani, huwa ni kati ya asilimia 33 na 66, na uwezekano mkubwa ni juu ya hapo. Watu wanafowadi ile picha ya mvua kubwa na kuikata ile laini ya uwezekano, alafu grupu zima linajiandaa kwa gharika.

Utabiri wa msimu unasomwa kwa njia yake

Huu ndo unaoharibu sifa ya utabiri kuliko wote, kwa sababu maneno yake yanafanana na ya kila siku na maana yake ni tofauti kabisa. Wanachukua misimu ya miaka 30 iliyopita, siku hizi ni 1991 hadi 2020, wanaipanga kutoka kavu mpaka ya mvua nyingi, wanaigawa mafungu matatu ya kumi kumi, chini ya kawaida, karibu na kawaida, juu ya kawaida. Bila kujua chochote kila fungu lina asilimia 33. Sasa wakisema masika haya juu ya kawaida ni asilimia 45, karibu na kawaida 30, chini 25, wameinamisha mizani kidogo tu, na hio 25 ya chini ni moja kwa nne, bado iko pale pale. Redioni inatoka "mvua nyingi yaja". Mkulima anauza akiba yake ya mahindi anasema mapya yaja. Hapo ndo pa kuumia.

Mwaka 2023 ndo unaotajwa mpaka leo. ICPAC, kile kituo cha hewa cha nchi za huku Afrika Mashariki, na Idara walitabiri vuli ya Oktoba hadi Desemba kuwa juu ya kawaida, El Niño, yaani maji ya bahari kupata joto kupita kawaida, iko Pasifiki na Bahari ya Hindi upande wetu imepata joto. Katikati ya Oktoba Rais Ruto akasema hakutakuwa na El Niño ya kuharibu, ni mvua kubwa tu, watu wakacheka wakasahau. Novemba maji yakaja, barabara ya Garsen kuja Lamu ikakatika pale Gamba, mabasi yakakwama, bei ya vitu Amu ikapanda. Ukiuliza barazani sasa utaambiwa watu wa hewa walikosea, na mimi nasema soma tena, utabiri wa msimu ulikuwa sawa, kilichopotea ni pale ulipogeuzwa kuwa ndio au hapana. Asilimia ukiibana iwe ndio au hapana umeshaivunja.

Jambo lengine, huko juu Aprili ndo mwezi wao wa mvua, kwetu pwani kilele ni Mei. Ikifika katikati ya Aprili na hujaona kitu usianze kusema masika yamekufa kwa sababu umeona Nairobi imefurika kwenye televisheni.

Ukame

Januari na Februari huku hakunyeshi, hicho ni kiangazi cha kaskazi, si ukame. Ukame ni mvua kukosekana ukilinganisha na kawaida ya mahali penyewe, na kawaida zinatofautiana. Amu na Malindi kwa mwaka tunapata karibu milimita 1,000, Garissa haifiki hata 400. Mwaka wa milimita 350 Garissa ni mwaka wa sawa tu, mwaka huo huo wa 350 Lamu ni msiba. Kwa hivyo wakikuambia mvua ilikuwa asilimia 60 ya kawaida, uliza kawaida ya wapi, alafu geuza iwe milimita, alafu mitungi. Chini ya asilimia 75 ndo wanaanza kuita pungufu.

NDMA, wale wa kukabiliana na ukame, wanatoa taarifa kila mwezi ya kila kaunti kame, Lamu na Kilifi zote zimo. Wana hatua zao, kawaida, tahadhari, hatari, dharura, na ya kupona. Kuna namba moja humo wanaiita VCI, hio ni setelaiti inaangalia ukijani wa majani ikilinganisha na miaka ya nyuma, 35 kwenda juu ni kawaida, 20 hadi 35 ukame wa wastani, 10 hadi 20 mkali, chini ya 10 mkali kupita kiasi. Iangalie kwa wadi yako kama imeandikwa, usikubali wastani wa kaunti, kwa sababu mwaka ambao Witu kuna majani Basuba kunaweza kuwa kumeungua. Na mtu wa mjini anaeangalia mikoko imesimama kijani ng'ambo anasema ukame uko wapi, mikoko inakunywa bahari, si shahidi.

Ile kavu kubwa ya juzi juzi, misimu mitano ya mvua mfululizo ilifeli kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, na Septemba 2021 serikali ilitangaza janga la kitaifa. Jifunze kitu kimoja hapo, mvua moja nzuri haimalizi ukame. Visima vya Shela vinavyonywesha mji wa Amu vinakaa chini ya vilima vya mchanga, maji yanachuja polepole, ng'ombe wanachukua miaka kuzaana tena. Watu walishaswali swala ya kuomba mvua, ikanyesha siku mbili, wakasema imekwisha. Shukuru, na uendelee kubana maji.

Bahari: noti, mita, na mtego wa wimbi

Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Tahadhari za pwani nyingi za kusi zinasema upepo wa zaidi ya noti 25, na pembeni wanaweka mita kwa sekunde 12.9 kana kwamba kuna mvuvi wa Kizingitini anaetembea na saa ya sekunde. Mita kwa sekunde zidisha mbili unapata noti, karibu sawa. Noti 25 ni kilomita 46 kwa saa. Na upepo ukiwa maradufu nguvu yake kwenye tanga si mara mbili, ni mara nne, kwa hivyo kutoka noti 12 kwenda 24 si mzaha. Namba hio tena ni wastani wa dakika kadhaa, ule wa kupuliza ghafla unaweza kupita nusu tena juu yake.

Wimbi ndo lenye mtego. Wakiandika mawimbi mita 2 hawasemi wimbi kubwa kabisa ni mita 2, wanachukua lile fungu moja kwa tatu la mawimbi makubwa na kutoa wastani wake. Wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo, mita 4 karibu, na ni hilo moja linalopindua mtumbwi. Namba hizo pia ni za bahari wazi, ndani ya Mkanda, ule mkondo wa ndani baina ya visiwa na bara, hutaziona, ukipita mlango wa Shela kutoka nje ndo zinakuwa zako. Anaeenda Pate kwa ndani na anaetoka nje ya mwamba kufuata nguru hawasomi laini moja. Na mita za jedwali la maji kujaa na kutoka ni nyengine tena, hizo si kina cha maji hapo ulipo, zinahesabiwa juu ya kiwango cha chini kabisa cha ramani. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, zikikutana na kusi kali usifunge boti gatini kwa kamba fupi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotajwa, pwani nzima ilipewa onyo, kikatua kisiwa cha Mafia Tanzania tarehe 4 na kudhoofika, na huku wengi wakasema hakukuwa na kitu, siku mbili za uvuvi zimepotea bure. Onyo linatolewa kwa eneo zima la uwezekano, njia ya kimbunga inajulikana vizuri siku moja mbili kabla, nyuma ya hapo ni upana mkubwa. Kila onyo lina tarehe na saa ya kuanza na ya kuisha, iko juu kabisa kwenye ile karatasi. Soma hio kwanza kabla ya rangi nyekundu. Likiwa limeisha muda wake tangu juzi, tafadhali usilifowadi tena kwenye grupu la familia.